"Tulifanya" Ilimficha: Kisa cha Mwanafunzi wa Uuguzi na Kazi Zake za Nje ya Darasa

Kisa hiki kimetoka katika chuo kimoja cha afya nchini Tanzania, ambako ninafundisha uuguzi na pia ni mshauri wa kundi la wanafunzi. Jina la mhusika, la chuo, mkoa na mwaka nimeviondoa, na mambo mawili matatu ambayo wenzake wangemtambua kwayo nimeyabadilisha. Mhusika, ambaye nitamwita R., ameisoma rasimu na kuridhia itumike. Nawaandikia walimu wenzangu, walezi wa klabu, na wanafunzi ambao CV zao zimejaa maneno lakini hazisemi kitu.

## Usuli

R. alikuwa mwaka wa nne wa shahada ya uuguzi, amebakiza muhula mmoja. Mbele yake kulikuwa na mwaka wa utarajali hospitalini, kisha usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kisha kutafuta kazi. Matokeo yake darasani yalikuwa ya katikati. Wodini alisifiwa na masista kwa sababu moja: akiagizwa kitu, hakumbushwi.

Kwa mhitimu wa afya hapa kwetu milango ya ajira ni ya namna mbili, na haifunguliwi kwa ufunguo mmoja. Serikalini unaomba kwenye mfumo, unapakia vyeti na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), na hatua ya kwanza ya mchujo inaangalia sifa za kitaaluma. Pale hadithi ya klabu yako haina uzito mkubwa, na ni vyema tuwaambie wanafunzi ukweli huo mapema. Mlango wa pili ni wa miradi ya afya, hospitali binafsi, tafiti, na kazi za muda wakati wa likizo ndefu. Huku ndiko wanakoomba CV, barua na usaili, na swali lao la kwanza ni umewahi kufanya nini na watu. Wahitimu wengi wa afya hukaa mtaani muda mrefu wakisubiri mlango wa kwanza. Kwa hiyo huu wa pili si wa kudharau.

Chuo kilikuwa kinamwandikia R. nini? Transkripti iliyoonyesha masomo na alama. Na logibuku. Kila mwanafunzi wa uuguzi anaijua logibuku: umemsaidia mama kujifungua, unaandika siku hiyohiyo, sista wa zamu anaweka sahihi kabla hajatoka. Hakuna anayejaza logibuku ya leba baada ya miaka mitatu kwa kukumbuka kumbuka. Lakini kwa yote ambayo R. aliyafanya nje ya wodi na darasa, kwa miaka mitatu na nusu, hapakuwa na hata mstari mmoja wenye sahihi.

## Mambo yalivyokwenda

Alikuja ofisini Jumatatu mchana, macho mekundu.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza. Kuna nini?"

Akaweka simu mezani nisome. Alikuwa ameomba kazi ya kukusanya takwimu kijijini wakati wa likizo, kazi ambayo wanafunzi wetu wengi huifanya na kulipwa kwa siku. Jibu lilikuwa fupi na la adabu: hakuonyesha uzoefu wa kufanya kazi na jamii.

Nikamwomba nione CV aliyotuma. Ilikuwa ile ninayoijua, ya steshenari ya nje ya geti, ambako kijana wa kompyuta ana kiolezo kimoja na anabadilisha jina na namba ya simu. Mchapakazi. Anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Anapenda kusoma na kusafiri. Chini kabisa, kwenye shughuli nyingine, palikuwa na mistari mitatu: mwanachama wa klabu ya afya, nilishiriki uchangiaji damu, netiboli.

Nilikuwa namfahamu R. kwa kumwona akikimbia huku na kule siku za uchangiaji damu, basi nikamuuliza habari za siku hizo. Akajibu, "Tulifanya tu kampeni, Madam. Ilienda vizuri." Nani alifanya nini? Kimya. "Wote tulishirikiana."

Nikabadili swali. Nikamwambia: nipe habari za siku ile tangu ulipoamka. Ulifanya nini kwanza?

Hapo ndipo mambo yalipofunguka, na kwa karibu dakika arobaini sikuwa na haja ya kuuliza zaidi ya "halafu?" Mwaka wa kwanza zoezi lilifanyika saa nane mchana, wiki moja kabla ya mitihani. Walijiandikisha 41, wakachangia 23. Wengine walirudishwa kwa sababu damu yao ilikuwa chini, wengine uzito haukufika kilo 50, na kadhaa walikuwa hawajala tangu asubuhi, mmoja akaanguka kwenye foleni. R. alikuwa amekaa meza ya kuandikisha, na yeye peke yake ndiye aliyeandika kando ya kila jina sababu ya kurudishwa. Hakuna aliyemtuma. Aliona tu kwamba safu ya mwisho ya kaunta buku ilikuwa wazi.

Mwaka uliofuata alikwenda na kaunta buku lile kwenye kikao cha klabu akasema zoezi lihamie saa tatu asubuhi, baada ya chai. Kulikuwa na kipindi saa hiyo. Akaenda kwa mwakilishi wa darasa, wakaenda pamoja kwa mhadhiri, kipindi kikasogezwa. Usiku wa kuamkia siku yenyewe aliandika ujumbe mfupi kwenye makundi ya madarasa: kula, kunywa maji, lala mapema, njoo na kitambulisho. Safari hii walijiandikisha 71, wakachangia 58. Kila aliyechangia aliandikiwa kwenye daftari tarehe anayoweza kurudi, wanaume baada ya miezi 3, wanawake baada ya miezi 4, na R. akawa ndiye anayewakumbusha.

Hayo yote ndiyo yaliyokuwa yamelala ndani ya neno "nilishiriki".

Palikuwa na zaidi. Alikuwa mweka hazina wa klabu. Alipokabidhiwa, daftari lilisema fedha ni nyingi kuliko zilizokuwa kwenye laini ya simu, pungufu ya shilingi 84,000, na watu walishaanza kumnong'ona mweka hazina aliyepita. R. aliomba taarifa ya miamala ya laini ile, akaichapa, akaketi na kalamu nyekundu akilinganisha mstari kwa mstari. Sehemu ilikuwa makato ya kutolea ambayo hayakuwahi kuandikwa. Iliyobaki ilikuwa nauli za bajaji za kubeba meza na soda, zisizo na risiti, ambazo watatu waliokuwepo walizikumbuka kila mmoja kivyake na wakakubaliana. Akaisoma hesabu mbele ya kikao, jina la mtangulizi wake likasafika, na klabu ikapitisha kwamba kila fedha inayotolewa iandikwe siku hiyohiyo pamoja na makato yake, kwa sahihi mbili.

Tena palikuwa na vipindi vya elimu ya hedhi katika shule ya msingi ya jirani, ambavyo alivipanga na mwalimu wa malezi wa shule hiyo.

Tulijipa wiki sita, kwa sababu kulikuwa na tangazo jingine la kukusanya takwimu, mradi wa afya ya uzazi ngazi ya jamii, na siku ya mwisho ya kuomba ilikuwa inakuja. Wiki mbili za kwanza zote ziliishia kwenye kutafuta ushahidi. Kaunta buku tulilipata kabatini mwa klabu, chini ya jezi za netiboli, kurasa zimeshikana kwa unyevu. Mlezi wa klabu wa wakati ule alikuwa amekwenda masomoni nje ya nchi, akajibu baada ya siku tisa. Picha nyingi zilikuwa kwenye simu ya R. iliyoibiwa kwenye daladala. Mwalimu wa malezi alikuwa amehamishwa shule, ila mwalimu mkuu alikuwepo na alikumbuka.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa lugha. CV inaandikwa kwa Kiingereza, na R. alikuwa anaanza kuwaza kwa Kiingereza tangu neno la kwanza, kwa hiyo aliishia kwenye maneno aliyoyaona kwenye CV za wengine. Tukakubaliana asiandike Kiingereza chochote mpaka kila jambo liwe limesimuliwa kwa Kiswahili, kwa sauti, kwenye simu. Alikuwa anajirekodi akitembea kutoka hosteli hadi wodini. Kisha anasikiliza na kuandika majibu ya maswali manne tu: hali ilikuwaje, ulitakiwa ufanye nini, wewe mwenyewe ulifanya nini, na nini kilibadilika.

Wa pili ulikuwa wa viambishi, na huu ndio uliotuchukua muda. Kila sentensi ilianza na *tu-*: tulipanga, tulihamasisha, tulifanikisha. Nikamwomba achukue kalamu mbili. Alichofanya na wenzake akiache na *tu-*. Alichofanya yeye, ambacho kama asingekuwepo kisingefanyika, akiandike kwa *ni-*. Alikataa. "Madam, wenzangu wakiona watasema najipigia debe." Sikumlaumu. Amelelewa vizuri, na waliomlea walimfundisha kwamba anayejisifu hadharani hana haya. Nikamuuliza: kama ukiandika kwenye faili la mgonjwa "tulimpa dawa", daktari atakuelewa? Akacheka, akasema hapana, lazima ijulikane nani alimpa, saa ngapi, kiasi gani. Kuanzia hapo aliandika *ni-* bila kuona aibu, kwa sababu aliielewa kuwa ni kuwajibika kwa ulichofanya. Mwenzake aliyebuni mabango ya uchangiaji damu alimtaja kwa kazi yake, na aliyezungumza na watu wa damu salama, wale wanaokuja kukusanya damu, naye akatajwa.

Wa tatu ulihusu idadi. Rasimu yake ilisema amefundisha elimu ya hedhi "zaidi ya wanafunzi 300". Barua ya mwalimu mkuu ilipokuja ilitaja wasichana 96 wa madarasa mawili. R. aliingiwa na hofu kwamba 96 ni ndogo. Tuliandika 96. Hakuwa na nia ya kudanganya. Lile 300 lilikuwa idadi iliyokuwa inazunguka kwenye kundi la WhatsApp la klabu, ikaongezeka kila iliporudiwa. Lakini anayeomba kazi ya kukusanya takwimu kwa idadi ya kukisia anajichongea mwenyewe.

Wa nne ulikuwa picha. Iliyobaki nzuri kuliko zote ilimwonyesha R. akimpima presha mama mmoja siku ya huduma ya jamii sokoni. Uso wa mama unaonekana wazi, na kitabu chake cha kliniki kimefunguka mezani. R. alitaka kuiweka ukurasa wa mbele wa jalada lake, yaani faili la ushahidi wa kazi zake. Mama yule hakuombwa ruhusa ya picha, achilia mbali ruhusa ya kuzunguka kwenye maombi ya kazi ya mtu mwingine. Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa binafsi nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama sheria isingekuwepo, muuguzi anajua. Tuliifuta, na akawaandikia wenzake wanne waliokuwa nayo waifute pia. Badala yake akapiga picha ya ukurasa mmoja wa kaunta buku, majina yamefunikwa kwa karatasi, zikabaki safu za sababu na tarehe.

Wa tano ulikuwa nani athibitishe nini. Uingereza walilivalia njuga jambo hili mapema. Ripoti ya mwaka 2007 ya kundi lililoongozwa na Robert Burgess ilipendekeza mhitimu apewe hati inayoeleza mengi kuliko daraja la shahada, na hati iliyotokana nayo ina sehemu ya mafanikio ya nje ya masomo, lakini yale tu ambayo chuo chenyewe kimeyathibitisha. Sisi hatuna hati hiyo, ila busara yake tuliichukua. Tulitenga mafungu mawili kwenye jalada. Fungu moja lilikuwa la yenye sahihi au barua. La pili lilikuwa maelezo yake mwenyewe, yamewekwa bayana kuwa ni maelezo yake. Netiboli iliangukia fungu la pili, kwa sababu kocha hakupatikana.

Suala la shilingi 84,000 tulilijadili siku mbili. Je, kuandika kwamba fedha za klabu zilipungua si kuitangazia dunia aibu ya klabu? Nilielemea upande wa kuandika, kwa kuwa kazi aliyoifanya pale ilikuwa nzito kuliko zote. R. ndiye aliyepata njia: aandike utaratibu aliouanzisha na sababu ya jumla, kwamba daftari na laini havikulingana, bila kumgusa mtangulizi wala kutaja kiasi. Mtangulizi alionyeshwa sentensi ile kabla haijatumwa, akaikubali.

## Matokeo

Aliomba, akaitwa kwenye usaili.

Kwenye usaili waliisoma sentensi ya uchangiaji damu, kutoka 23 hadi 58, wakamuuliza: unajuaje kwamba ni muda uliobadilisha, si jambo jingine? R. akajibu kwamba hajui kwa uhakika. Zoezi la pili halikuwa karibu na mitihani kama la kwanza, na huenda hilo lilichangia. Alichokuwa na uhakika nacho ni safu ya sababu: waliorudishwa kwa kutokula walipungua hadi wawili.

Kisha wakafika kwenye barua ya maombi, kwenye sentensi moja iliyozungumzia ushirikishwaji wa wadau. Wakamuuliza wadau hao ni akina nani na aliwashirikisha vipi. Akababaika. Sentensi ile haikuwa yake. Ilikuwa yangu, nilikuwa nimempigia pasi barua usiku wa mwisho, nikaweka Kiingereza kizito mahali alipokuwa ameandika kwa urahisi "nilizungumza na mwalimu mkuu na wazazi watatu wa kamati ya shule". Angeachiwa maneno yake angejibu bila kufikiri.

Aliwekwa orodha ya akiba. Siku kumi baadaye mmoja wa waliochaguliwa akajitoa, R. akapigiwa simu, akafanya kazi wiki tano vijijini. Msimamizi wake alimwambia baadaye kwamba jibu la "sijui kwa uhakika" ndilo walilolikumbuka walipokuwa wanatafuta wa kuziba pengo. Sasa yuko kwenye utarajali. Barua ya msimamizi imo kwenye fungu la kwanza la jalada, na aliiomba siku ya mwisho ya kazi, wino wa malipo haujakauka.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni lile swali la asubuhi. Nimeshawauliza wanafunzi kwa miaka mingi "una stadi gani?" na hupokea orodha ileile: mawasiliano, uongozi, kufanya kazi kwa pamoja. Stadi haiitwi ikaja. Inapatikana ndani ya tukio, na tukio linapatikana kwa kuanzia mahali mwili ulipokuwa: uliamka, ukaenda wapi, ukabeba nini, nani alikukatalia. R. hakujua kwamba kuandika sababu za kurudishwa ni kazi ya takwimu. Mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipoliona daftari.

Kusimulia kwa Kiswahili kwanza kulisaidia kwa sababu iliyo wazi, lakini kuna nyingine ambayo sikuitarajia. Kwa Kiingereza R. hakuwa na uwezo wa kusahihisha uzito wa neno. "Nilisaidia", "nilisimamia" na "niliongoza" kwa Kiswahili anajua kabisa zinavyotofautiana, na mara tatu alishusha neno mwenyewe: aliyeongoza ni mwenyekiti, yeye alisimamia meza. Kwa Kiingereza alikuwa anachukua lolote lililosikika kubwa.

Mfano wa faili la mgonjwa naupendekeza kwa kila anayeshauri wanafunzi wa afya. Unaugeuza mzigo wa aibu. Mwanafunzi wetu tayari anaamini kwamba kazi isiyoandikwa haikufanyika. Amefokewa kwa hilo wodini. Hana haja ya kufundishwa imani mpya.

Sasa yaliyokwama, na mengi ni ya upande wetu. Tulichelewa. Wiki mbili kati ya sita ziliteketea kwa kufukua kabati na kusubiri majibu, na kaunta buku lingeweza kabisa kuwa limetupwa. Kama mwalimu mkuu naye angehamishwa, wale wasichana 96 wangebaki kuwa 300 za WhatsApp au kuwa sifuri. Kazi ya R. ilikuwa ya miaka mitatu na nusu. Tulichookoa ni kile ambacho bahati ilikuwa imekihifadhi.

Fomu yangu pia ilishindwa. Nilipoanza nilimpa fomu yenye vipengele 12, nikiamini kwamba ukamilifu ni msaada. Aliirudisha na vipengele vinne vimejazwa, na hivyo vinne ndivyo vilivyokuwa na maana. Baada ya hapo tumebaki na maswali manne na nafasi ya sahihi, ukurasa mmoja, unaobandikwa nyuma ya logibuku. Tumeuweka hapo makusudi, kwa kuwa logibuku ndiyo kitu pekee ambacho mwanafunzi wetu hakisahau hosteli.

Kuhusu barua niliyoipiga pasi: nimeacha. Ninasahihisha makosa ya sarufi yanayobadili maana, basi. Mwanafunzi akileta sentensi ninamwomba aisome kwa sauti na kunieleza kila neno. Neno asiloweza kulieleza tunalitoa, hata kama ni zuri. Nasema hivi nikijua walimu wengi wanafanya kama nilivyofanya, kwa mapenzi, usiku wa mwisho kabla ya maombi kufungwa. Anayeulizwa kesho yake ni mwanafunzi.

Suala la sahihi bado halijatulia. Walezi wa klabu ni wahadhiri wenye mizigo yao, na mwishoni mwa muhula hupangiwa foleni ya wanafunzi 30 wanaotaka kusainiwa mambo ya mwaka mzima. Hapo wanasaini bila kusoma, na sahihi isiyosomwa haithibitishi kitu. Tumejaribu kuwaruhusu viongozi wa klabu wasainiane, ikaleta urafiki badala ya ushahidi. Kwa sasa tunadai ukurasa usainiwe ndani ya siku saba na mtu yeyote aliyekuwepo ambaye si mwanafunzi: mtumishi wa damu salama, mwalimu wa shule, mwenyekiti wa mtaa. Inapunguza kurasa, lakini zilizobaki zinasimama. Mazoea haya hawayaachi chuoni pia, maana atakayekuja kuhuisha leseni atadaiwa kumbukumbu za mafunzo endelevu kazini, na huko nako hakuna wa kumkumbukia.

Lililonikera zaidi lilijitokeza baada ya kisa hiki, tulipoanza kugawa ukurasa ule kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Baadhi waliurudisha mtupu. R. alikuwa na muda wa klabu. Wapo ambao bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, likichelewa hawali, na jioni zao zinakwenda kwenye kutafuta chakula au kuwaangalia wadogo zao. Kijana mmoja wa famasia aliniambia, bila kulalamika, kwamba yeye hana cha kuandika kwa sababu kila jioni kuanzia saa kumi na moja anakaa kwenye kibanda cha wakala wa fedha. Nilimuuliza lile swali: unafika, unafanya nini kwanza? Anahesabu fedha taslimu na salio la simu kabla hajampokea mtu yeyote, anaandika zote mbili kwenye daftari, anamsainisha anayeondoka zamu. Wazee wasiojua kusoma wanampa simu na namba ya siri. Anawarudishia simu, anawafundisha kubonyeza wenyewe, anageuza uso. Mara moja alikataa kutuma fedha kwa bibi mmoja aliyepigiwa simu kwamba ameshinda zawadi, akampigia mwanaye kwanza.

Nikamwambia aandike. Akauliza nani atasaini, kwa kuwa hiyo si shughuli ya chuo. Wiki iliyofuata aliuleta ukurasa umejazwa pande zote mbili, *ni-* kila mstari, na chini kabisa sahihi ya mwenye kibanda, pembeni yake muhuri wa wakala, wa bluu, umegongwa mara mbili kwa sababu wa kwanza haukutoka vizuri.